Mwalimu Mkuu Aliyependa Kimya Chetu

Habari zilinifikia nyumbani Munyaka nikinywa chai: mwalimu mkuu wetu wa zamani amefariki. Aliyenipigia simu alikuwa akilia. Mimi nilimaliza chai yangu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina kipaji cha kumsifu mtu kwa sababu tu amelala ndani ya sanduku. Enzi za masetla, wale wazungu wenye mashamba, shule yetu ya Quaker ilipata wakuu watatu. Wa kwanza, mmishonari mzungu, alitufokea hata kwa kukohoa ibadani, lakini mtu akisema alisikiliza. Wa pili alisali sana na kufundisha kidogo. Wa tatu, huyu tuliyemzika juzi, alikuwa mwenzetu, mtoto wa skwota, kibarua aliyeishi kwenye shamba la mzungu, kutoka upande wa Moiben, na ndiyo maana bado ananikera.

Sisi Marafiki, kama Quaker tunavyojiita, hatupigi kura. Tunaketi kimya, Roho akimgusa mtu anasimama na kusema, na neno moja la kupinga linatosha kusimamisha uamuzi mpaka tuelewane. Ni desturi nzuri, ila mikononi mwa bwana yule iligeuka kuwa mtego. Mwaka wetu wa darasa la nane, setla jirani alitaka watoto wa kuvuna mahindi yake, na mvuno huo uliangukia majuma yale yale ya kujiandaa kwa mtihani. Tayari mkuu alikuwa amekunywa chai kwenye veranda ya mzungu na kurudi na koti kuukuu la sufu, ambalo alilivaa hata jua likiwaka, jasho likimtiririka kama mpishi wa harusi. Aliwaita wazazi, akawaeleza kwamba watoto waende kuvuna, akawaketisha kimya, kisha akasema, "Kama hakuna mwenye neno, basi tumepatana."

Mama mmoja akasimama. Bintiye alikuwa akiketi dawati moja nami, na kwa hesabu alituacha sote mbali. "Mwalimu, mimi niko na neno. Hawa watoto wako na mtihani. Mahindi ya mzungu inaweza ngoja, mtihani haiwezi." Mkuu akarekebisha kola ya lile koti. "Mama, huyo si Roho. Hiyo ni hasira. Kaa chini." Mama akakaa, na wazazi wengine wakatazama miguu yao. Tulivuna. Binti yule alianguka mtihani, na wakati huo msichana aliyeanguka hakupewa nafasi ya pili. Ameuza mboga mtaani Huruma karibu maisha yake yote. Mkuu alipandishwa cheo akawa mkaguzi wa shule, labda kwa ustadi wake wa kukagua mahindi.

Kwenye mazishi tulisikia kwamba marehemu alikuwa baba wa elimu. Nilicheka ndani ya kofia yangu. Kisha mzee aliyeongoza ibada akapendekeza ukumbi mpya wa shule upewe jina lake. Tukaketi kimya. "Kama hakuna mwenye neno," akaanza. Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma yangu. Alikuwa yeye, muuza mboga, mwanafunzi mwenzangu, ameshikilia fimbo yake. "Mzee, niko na neno. Mama yangu aliambiwa akae chini. Alikufa akiniomba msamaha, na kosa haikuwa yake. Mimi nitakaa nikimaliza."

Akamaliza, tena bila haraka. Hakuna aliyemkatiza. Mzee alikunja karatasi yake na kusema kwamba jambo hilo halijapata umoja, na ukumbi ukabaki bila jina. Marafiki wenzangu, na nyinyi msio Marafiki lakini mnaketi kwenye vikao vya bodi na vyama vya ushirika, acheni kujidanganya kwamba watu walionyamaza wamekubali. Mara nyingi wananyamaza kwa sababu walimwona wa kwanza kusimama akiambiwa akae. Mkitaka kujua ukweli, muulizeni huyo wa kwanza, iwapo bado yu hai.