Karafuu ya Saba

Enid Raistrick aliolewa Jumamosi ya tarehe 6 Juni 1970, katika kanisa la kijiji cha Skelbeck, Yorkshire, na mwanamume aliyekuwa mnadani akinadi kondoo asubuhi ya siku hiyo hiyo. Clifford Raistrick aliingia kanisani sauti imemkauka na viatu vinanuka zizi. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali mwanamke huyu, alijibu, "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu," kisha akagonga benchi kwa ngumi, kama mnadi anayefunga bei. Kanisa zima lilicheka isipokuwa mama yake.

Mama huyo ndiye aliyemfundisha Enid sosi ya mkate. Katika nyumba ya akina Raistrick, kuku wa Jumapili hakuwekwa mezani bila sosi hiyo pembeni. Haina makuu: kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu sita, maziwa, mkate mweupe uliolala, siagi na kungumanga kidogo. Ukiiona kwenye bakuli, nyeupe na nzito, unaweza kudhani ni uji wa mtoto uliosahauliwa mezani. Ukiionja pamoja na kipande cha kuku, unanyamaza.

Ilikuwa na sheria moja. Karafuu zihesabiwe zinapoingia na zihesabiwe zinapotoka, kwa sababu kuitafuna karafuu iliyojificha ndani ya kitu laini vile ni kama kung'ata msumari. Ikiponyoka moja, atakayeikuta mdomoni mwake ndiye atakayeosha vyombo. Enid alikuwa makini. Alifanya kazi ya kukata vitambaa dukani kwa miaka mingi na hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai amepunjwa. Alihesabu sita ndani, sita nje. Na bado, kila Jumapili ya kuku, kaka yake Norman alitoa karafuu mdomoni na kuiweka ukingoni mwa sahani.

"Karafuu za nyumba hii zinanijua kwa jina," Norman alizoea kusema huku akikunja mikono ya shati.

Enid aliamini kosa lilikuwa lake. Ilimkera kwamba mtu mzima mwenye akili zake anashindwa kuhesabu hadi sita.

Kisha kansa ikamshika Clifford kwenye shina la ulimi. Mionzi iliiua, lakini iliondoka na vingine: mate, ladha, ile sauti ya mnadani, na upande wote wa kushoto wa ulimi ukafa ganzi. Kwa mwaka mzima na zaidi chakula chake kilikuwa maziwa ya kopo yaliyopita kwenye mpira uliopitishwa katika tundu la tumboni. Jumapili, familia ilipokaa mezani, alivaa kofia akaenda bandani kukaa na mbwa wake, Moss. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu kwamba mtu hakai mnadani kama hana cha kuuza wala cha kununua. Enid aliacha kupika sosi ya mkate, kwa sababu harufu ya karafuu ilifika hadi bandani.

Hospitalini, mbele ya skrini ya eksirei, ndipo Enid alipoona kumeza ni kitu gani. Carys, mtaalamu wa kumeza, binti wa Kiwelshi mwenye nywele fupi, alimpa Clifford kijiko cha uji mweupe unaoonekana kwenye eksirei. Kwenye skrini fuvu la mume wake, kivuli cha kijivu, lilifunua mdomo. Ulimi ulijikunja kama kiganja, ukasukuma. Kaakaa likafunga njia ya pua. Koo zima likanyanyuka, kifuniko kidogo kikainama juu ya njia ya pumzi, na ule mzigo mweupe ukateleza kando yake kwa upana wa unywele, ukashuka, ukapotea. Kisha kila kitu kikarudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Enid alikuwa amemeza tangu siku aliyozaliwa. Amemeza chai, amemeza hasira, amemeza vidonge, na hakuwahi kujua kwamba kila mara hayo yote yalifanyika mule ndani, gizani, bila yeye kuombwa ruhusa. Alijikuta anameza mate polepole, ameweka vidole kooni.

"Kuna kidogo kimebaki," Carys alisema, akionyesha doa jeupe upande wa kushoto. "Huku ulimi hausikii, kwa hiyo haujui kama kuna kitu cha kusukuma. Kila kijiko, Bwana Raistrick, umeze mara mbili, halafu ukohoe kidogo kusafisha njia. Meza, meza, kohoa."

"Na hisia za huku kushoto zitarudi?" Enid aliuliza.

"Kwa wengine hurudi. Kwa wengine hazirudi. Siwezi kukuahidi, mama."

"Ale nini, basi?"

"Kitu laini, kizito, kisicho na punje. Ukiinamisha kijiko kianguke chote kwa pamoja, kisitiririke."

Enid alifikiri. "Sosi ya mkate."

Carys alicheka. "Ya bibi yangu ungeweza kujengea ukuta. Lakini ndiyo. Isiwe tu na kitu kigumu, hata kimoja."

Gari lilipofika kwenye daraja la Skelbeck, Clifford aliongea. Sauti yake siku hizi ilikuwa ya mtu anayepiga msasa ubao.

"Jumapili nitakaa nanyi. Lakini nikishindwa mbele yao, Enid, msiniite tena. Nitakula na Moss hadi nife."

"Moss ana adabu mezani kuliko wewe."

"Nasema kweli."

"Najua unasema kweli," Enid alijibu, akaendelea kuendesha.

Binti yao, Lorna, alifika Jumapili asubuhi amebeba mkate laini wa dukani, uliokatwa tayari, bado umo kwenye mfuko wake. Enid aliuangalia kama mtu aliyeletewa samaki wa plastiki.

"Huo utageuka gundi."

"Mama, mkate ni mkate."

"Tengenezea babako gundi, basi, tuone."

Wake ulikuwa umelala juu ya ubao tangu Alhamisi, umekauka vya kutosha kutoa mlio ukiugonga. Aliondoa maganda, akaukwaruza mpaka ukawa chenga ndogo sana, nyeupe, nyepesi. Akamenya kitunguu. Akachomeka karafuu moja moja, akihesabu kwa sauti, kisha akamwita Lorna ahesabu naye. Sita. Kitunguu kikaingia kwenye sufuria ya maziwa juu ya moto mdogo, na maziwa yalipoanza kutetemeka pembeni alizima moto, akafunika, akayaacha yanywe harufu.

Clifford aliingia na Moss akitaka kujua leso yake iko wapi. Enid alikuwa ameinama mbele ya oveni akimwagia kuku mafuta yake. Alipogeuza shingo alimwona mumewe kando ya jiko, karibu na dirisha lenye chupa ya karafuu, amefunua sufuria na uso wake umo katikati ya mvuke.

"Unasikia chochote?"

Clifford alivuta pumzi kwa pua. "Kama mtu anayeongea chumba cha pili," alisema. "Maneno siyashiki. Lakini namjua ni nani."

Enid akarudisha uso kwa kuku haraka, kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha na hakutaka yaonekane.

Saa ya kula ilipokaribia alikitoa kitunguu kwa kijiko chenye matundu, akakiweka kwenye sahani. Karafuu sita, zimesimama kama alivyozipanda. Alimwita Lorna tena. Sita. Ndipo akamimina chenga za mkate kwenye maziwa ya vuguvugu, na sehemu aliyoipenda kuliko zote ikaanza. Kwanza hakuna kinachotokea: chenga zinaelea tu kama theluji juu ya bwawa. Unakoroga, unadhani umekosea vipimo. Halafu, bila unga, bila yai, bila kitu cha kushikiza, mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Mkate ambao juzi ulikuwa mgumu kama ubao umekunywa kila tone, umeacha kuwa mkate, na maziwa yameacha kuwa maziwa. Alikuwa ameliona jambo hilo mara zisizo na idadi na bado, kila mara, alishusha pumzi.

Alitia siagi na kungumanga. Aliinamisha kijiko. Sosi ilianguka yote kwa pamoja.

Akapakua ya Clifford kwanza, akiibonyeza kwa mgongo wa kijiko kutafuta punje. Miwani yake ilikuwa imefunikwa na mvuke. Aliridhika. Iliyobaki aliimimina kwenye bakuli la mezani.

Norman alikuwa ameshakaa, kitambaa shingoni. Clifford alipovuta kiti chake cha zamani, kilichokaa bila mtu muda wote ule, Norman alijifanya haoni ajabu yoyote.

"Shemeji, leo umekuja kula au kutuuzia kondoo mkongwe?"

"Kondoo mkongwe keshakaa," Clifford alisema. "Angalia kiti chako."

Wakacheka, kisha wakaanza kukatiana kuku, wakapeana viazi, wakaongea mambo ya barabara na mvua, wote kwa sauti ya juu kidogo kuliko lazima. Lakini kijiko cha Clifford kilipoinuka mazungumzo yalikatika yenyewe.

Alitia sosi mdomoni. Akafunga midomo. Enid aliona koo likinyanyuka na kushuka, na ndani ya koo aliona vile vivuli vya kijivu vikijikunja na kufungana.

"Mara ya kwanza," Clifford alisema kwa sauti ya msasa. Akameza tena. "Mara ya pili." Kisha akakohoa kidogo, kavu, kama nyundo ya mnadi juu ya meza.

Lorna aliweka mkono mdomoni. Norman aliangalia kiazi chake kwa makini sana.

Kijiko cha pili. Mara ya kwanza, mara ya pili, kikohozi. Hakupaliwa. Enid alianza kuamini, na imani hiyo ilimtisha.

Kijiko cha tatu kiliingia, na Clifford akaganda hapo hapo.

Hakumeza. Macho yalimtoka. Aliinua mkono mmoja kuwazuia. Enid alisukuma kiti nyuma, kikaanguka, naye hakukiokota. Alijua asimguse, asimsemeshe. Carys alikuwa amemfundisha hivyo. Alisimama tu nyuma yake, mikono hewani, akimwangalia shavu la kushoto. Lilikuwa linatembea. Kitu kilikuwa kinasukumwa ndani yake, kinapotea, kinatafutwa, kinapatikana tena, kinaletwa mbele polepole kwa ulimi, hadi kikatokeza kati ya midomo: kidogo, cheusi, kizima na kichwa chake.

Clifford alikitoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kisha akameza, akameza tena, akakohoa.

 Moss alinyanyua kichwa chini ya meza.

"Haiwezekani," Enid alisema. "Nilihesabu. Lorna, tulihesabu."

"Tulihesabu, Mama." Lakini Lorna alikuwa anamwangalia baba yake. "Baba, ilikuwa upande gani?"

Clifford alifikiri. Aligusa shavu kwa kidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Huku," alisema.

Kushoto.

Karafuu hutiwa kwenye jino bovu ili life ganzi. Kila bibi wa Skelbeck anajua. Hii ilikuwa imeingia penye ganzi na kuamsha. Enid aliitazama pale ukingoni, na kwa muda hakuweza kuyapanga aliyokuwa anayaona: kwamba ulimi ule, ambao eksirei ilionyesha umelala, ulikuwa umesikia mwiba mmoja ndani ya kijiko cha sosi, ukaukamata, ukautoa nje, bila mtu yeyote kuufundisha.

Halafu akaona kwamba Clifford hamtazami yeye. Anamtazama Norman.

"Nilijua itakwenda kwako," Clifford alisema.

Norman aliweka uma chini. "Ulijua nini?"

"Karafuu ya saba. Huwa naidondosha kwenye maziwa wakati dadako anashughulika na kuku, halafu mezani nahakikisha inafika kwako."

"Miaka yote hii?"

"Si yote. Kuna kiangazi mlienda likizo pwani, Scarborough."

"Nimeosha vyombo vyako tangu nikiwa na nywele," Norman alisema polepole. Mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kicheko.

"Ungekufa, mpumbavu wewe," Enid alisema. Alikuwa bado amesimama. "Leo, kati ya siku zote. Ungekufa mbele yangu, kwa kijiko nilichokupakulia mwenyewe."

"Sikupanga, bibie. Nilifunua nisikie harufu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa."

Enid aliokota kiti, akakaa.  Alifikiria miaka yote aliyojilaumu kwa kushindwa kuhesabu hadi sita. Alitaka kukasirika, na atakasirika, lakini si sasa. Mkono ule ulikuwa mwaka mzima umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na leo umeenda wenyewe kumfanyia mtu utundu.

"Lete hiyo sahani," alisema. Akaipekua sosi yote kwa uma, kila kona, akamrudishia. "Sasa maliza."

Akamaliza. Mara ya kwanza, mara ya pili, kikohozi, mpaka kwenye kitako cha sahani yakaonekana maua yake ya bluu. Mwishoni Norman alinyanyuka kwa mazoea, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Kaa," Lorna alimwambia. "Sheria ni sheria."

Clifford aliosha vyombo vyote, na sufuria pia. Enid alivifuta, kila kimoja mara mbili.

Ule mpira bado umo tumboni. Carys atamwona tena mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo hautatolewa. Jumapili ijayo ni zamu ya nyama ya kondoo, na sosi ya mkate haiendi na kondoo. Enid ameagiza kuku. Chupa ya karafuu ameihamishia chumbani, chini ya mto wake wa kulalia.