Ndoo za Maji Kigwa

Niliondoka Nakuru kwa sababu niliwahi kunyamaza. Nilipokuwa nikikusanya data ya shahada yangu ya uzamili kuhusu malezi ya watoto, nilimwona mvulana akiongozwa njiani na mwanamume nisiyemfahamu. Nilijiuliza kama nina haki ya kuuliza, na nilipomaliza kujiuliza walikuwa wamekwisha kutoweka. Mvulana yule hakurudi shuleni. Hivyo kanisa letu lilipotangaza safari ya wiki mbili kuhudumia watoto wanaoishi katika mazingira magumu mkoani Tabora, nilijiandikisha nikiapa moyoni kwamba safari hii sitasita.

Jumatatu alfajiri tulipanda basi, watu sita. Tuligongewa mihuri ya pasipoti mpakani Sirari, tukalala Mwanza, na kesho yake tukapita Shinyanga na Nzega, ambako nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori zilikuwa zimenasa katika miiba ya kandokando ya barabara. Kiongozi wetu alisimulia jinsi wapagazi wa Kinyamwezi walivyopita nchi hizi na misafara, wakikatiza Ugogo hadi pwani. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nikisoma kwa mara ya tatu mwongozo wa kumlinda mtoto.

Jumatano tulifika Kigwa, kijiji cha kando ya reli. Mwenyeji wetu, Mama Neema, anasimamia kituo kidogo cha kanisa kinachowapa watoto uji na masomo ya jioni. Humo nilimjua Kabula, msichana wa miaka saba aliyefiwa na wazazi na kulelewa na babu na bibi yake. Ijumaa babu alifariki.

"Tangu jana hajafungua mdomo," Mama Neema aliniambia tulipokuwa tukienda msibani Jumamosi. "Hata maji anakataa."

Saa tisa alasiri, baada ya mazishi, Mama Neema aliingia jikoni kusaidia kusonga ugali, nami nikabaki uani. Ghafla akatokea mzee mmoja amevaa kofia ya marehemu na kushika fimbo yake.

"Mnalia nini?" alifoka. "Huyu Mnyamwezi wenu alipita kwetu na mizigo yake, akanywa maji ya kisima chetu bila kuomba! Leo namchukua mjukuu wake akatuchotee!"

Akamshika Kabula mkono na kuelekea njia ya stesheni. Hakuna aliyeinuka. Wengine walicheka. Nilihesabu dalili kama zilivyoandikwa: mtu mgeni kwangu, kauli ya kumiliki, kumwondoa mtoto nyumbani. Nilipiga simu ustawi wa jamii kwa namba iliyokuwa kwenye mwongozo, nikawakimbilia, nikamsukuma mzee na kumnyakua Kabula. Kofia ilianguka. Kabula alipiga yowe.

Mama Neema alitoka na mwiko mkononi. "Dada, umefanya nini? Huyu ni Mzee Chilewa, Mgogo, mtani wao! Jirani yao tangu alipokuwa fundi wa reli. Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo, kuwachekesha wafiwa. Mtoto alikuwa ameanza kutabasamu!"

Sikuwa nimemtazama mtoto usoni.

Saa kumi na moja afisa wa ustawi wa jamii aliwasili kwa pikipiki. "Taarifa inasema mtoto anachukuliwa na mtu asiye ndugu," alisema. "Ikithibitika, leo analala Tabora mjini."

Bibi akanyanyuka kwenye mkeka. "Asubuhi nimezika mume, jioni mnanichukulia na huyu? Nibaki na nani?"

Afisa akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepiga. Una hakika?"

Kichwa changu kilianza kazi yake ya kawaida. Kama nimekosea, nimevunja nyumba. Kama sikukosea na nikakanusha, nimempoteza mtoto wa pili. Nilipiga magoti mbele ya Kabula.

"Kabula, huyu mzee unamjua?"

Aliiokota kofia, ambayo hakuna aliyeigusa tangu ianguke, akaipangusa vumbi kwa gauni lake, akasimama kwa ncha za vidole na kumvisha Mzee Chilewa. Kisha akaenda kuketi mapajani mwa bibi.

"Nimekosea," nilimwambia afisa. "Sikuuliza mtu yeyote." Nikarudia maneno hayo mbele ya wafiwa wote, kwa sauti.

Afisa aliwauliza majirani wawili, akaandika majibu yao, akafunga daftari.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe bure?" Mzee Chilewa aliwageukia waombolezaji. "Huyu Mkenya ana nguvu za kusukuma wazee! Basi maji atachota yeye!"

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, huku machozi yakimtoka. Nilichota maji ya msiba mpaka giza likaingia, na ndoo ya kwanza yote ilinimwagikia mgongoni.

Tulirudi Nakuru wiki iliyofuata. Njiani niliandika sentensi moja tu: kwa yule mvulana nilisita bila kuuliza, Kigwa nikatenda bila kuuliza, na kosa ni lile lile.

Lakini siku ya kuondoka, kabla gari halijaja, begi langu lilivutwa kwa nyuma. Kabula alikuwa ameling'ang'ania kwa mikono miwili, amekunja uso kama Mzee Chilewa.

"Nani kakuruhusu uondoke?" alifoka. "Ndoo bado."

"Zimebaki ngapi?"

Akafikiri. "Nyingi."

Nikalishusha begi chini.