Maneno Magumu ya Mtani Wangu

Kiingereza kigumu nilifundishwa kwa kutukanwa, na sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimetoka Newala nikaolewa Chiungutwa, na nilitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne kwa sababu ya somo hilo moja lililonifungia mlango wa chuo cha uuguzi. Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mmakua. Mimi ni Mmakonde. Kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla ya kusalimiana, na mtani akikuchokoza huna ruhusa ya kununa.

Jioni, nikishaosha vyombo, nilimkuta kwenye mkeka wake akibangua korosho za kula nyumbani, mikono ameipaka majivu isiunguzwe na mafuta ya maganda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mtani. Leo neno letu ni 'obstinate'. Mtu mkaidi, anaambiwa hasikii. Toa mfano."

"Mmakua aliyekatazwa chumvi na daktari."

"Mfano dhaifu. Ungesema Mmakonde yeyote, ningekupa alama zote."

Ndivyo maneno yalivyoniingia. 'Frugal', mtu asiyetumia kitu ovyo, alikuwa mjomba wangu wa Newala, kwenye shida ya maji, anayeoga kwa kikombe kimoja. 'Omnivorous', mla kila kitu, ni sisi Wamakonde na panya wetu, nami nikamjibu kwamba Wamakua wanamla huyo huyo panya, tena hawamsazi mkia. Mwalimu alikuwa na imani yake: neno usilokuwa na mtu wa kumchokoza nalo halikai kichwani. Mwanzoni niliona ananipotezea muda. Baadaye nikajikuta naokota korosho shambani huku nacheka peke yangu, na maneno yote yapo.

Mvua za kwanza zilipoanza, presha ilimwangusha. Alilazwa Masasi mjini. Siku chache baadaye kijana wa bodaboda alileta ujumbe kwamba hali ya Mwalimu si nzuri, watu wakusanyike nyumbani. Kwetu habari ya namna hiyo haihitaji kuulizwa mara mbili. Nilijifunga kanga nikaenda.

Msibani mtani halii. Kazi yake ni kulala mlangoni jeneza lisitoke, kumwigiza marehemu na kutaja kasoro zake kwa sauti, mpaka wafiwa wacheke japo kidogo. Mtu akizikwa bila utani, wazee wanasema amezikwa kama mgeni. Hayo yote niliyajua tangu utotoni. Lakini siku ile nilikaa kati ya wanawake, kanga mdomoni, na hakuna kilichonitoka. Watani wengine waliigiza mwendo wake na baiskeli yake mbovu. Watu walitabasamu kwa adabu tu.

Mjane aliniita mbele za watu.

"Mtani, mbona umenyamaza? Jioni zote zile mnatukanana hapa kwangu, leo unamwacha mwenzio aende hivi hivi?"

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nikifungua mdomo nikalia, nitakuwa nimemharibia safari yake. Nikaenda jikoni, nikapaka majivu mikononi, nikaburuta mkeka wake hadi mlangoni, mbele ya jeneza, nikakaa kama alivyokuwa akikaa, magoti yamepanda juu.

"Leo neno letu ni 'obstinate'," nilisema kwa sauti yake ya puani.

"Kasema nini huyo?" bibi mmoja aliuliza.

"Mkaidi. Mmakua kakatazwa chumvi na daktari, kailamba mpaka leo katukalisha chini sote. Neno la pili ni 'pompous'. Mwenye makuu. Kastaafu, lakini kila asubuhi anapiga kengele nyumbani kwake, mke na kuku wajipange mstari."

Kicheko kilianzia nyuma. Mjane alicheka akajishika mbavu, halafu kilio kikamjia ndani ya kicheko hicho hicho, wanawake wakamkumbatia. Nilishukuru Mungu.

"Ongeza, mtani," walisema.

Lilikuwa limebaki moja, ambalo hakunifundisha yeye. Nilikuwa nimelipata mwenyewe alipokuwa amelazwa, nikalihifadhi nije nimtambie: 'irreplaceable', asiyepatikana mwingine badala yake. Nilikuwa nimelitafutia mtu wa kumchokoza nalo, nikakosa. Na mtani hasifu. Kusifu ni kazi ya ndugu na padri.

"Darasa limekwisha," nilisema. "Mchukueni."

Nikaondoka mlangoni, jeneza likapita. Walipokwisha kuelekea makaburini nilizunguka nyuma ya jiko, na huko nikalia kama mwanaye wa kumzaa. Nililitamka neno lile kwa sauti, nikajikwaa katikati, nikarudia, nikajikwaa tena pale pale. Hakuna aliyenisahihisha.