Mama Mkwe na Maji ya Rejeta

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kioo, kwa sababu neno la kwanza alilomwambia kila aliyeketi nyuma ya usukani lilikuwa "kioo", na la mwisho kabla mtu hajashuka lilikuwa hilo hilo. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari, na aliifanya kwa gari lake mwenyewe, dogo la bluu, kuukuu, rangi imepauka juu ya boneti kama suruali ya kazi kwenye magoti. Shule kubwa za udereva zilikuwa na magari mapya yenye nembo ubavuni. Yeye alikuwa na kibao alichokifunga juu ya paa kwa kamba, na bado watu walimfuata, hasa waoga, maana hakuwahi kumkaripia mtu, hata siku gari lilipopanda kwenye bustani ya maua mbele ya posta.

Wiki hiyo gari lilikuwa limemwaibisha. Mwanafunzi wake mmoja, kinyozi mwenye viganja visivyokauka jasho, alikuwa akipanda kilima kwa gia ya pili, anakwenda vizuri kabisa, mara mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Mwalimu alimwambia aegeshe pembeni. Wakazima injini, wakakaa kando ya barabara kusubiri ipoe, huku kinyozi akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyechemka. Ilipopoa, Mwalimu akafungua mfuniko wa rejeta na kuchungulia. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ili injini isichemke wala kushika kutu, ilikwisha nguvu zamani, na kila aliyewahi kuliazima gari hilo alikuwa akiongeza maji ya bomba tu na kwenda zake.

Mumewe, muuguzi wa hospitali, alishauri lipelekwe gereji. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, huku akifunga kamba za viatu, kwa kuwa alimjua mkewe. Mkewe akamjibu kwamba gereji wangelilaza kwa kazi ambayo yeye angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mume akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Basi asubuhi hiyo, kabla injini haijawashwa kabisa, Mwalimu alivaa shati kuukuu la mumewe, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia chini ya gari na karai. Uani palikuwa na mtu mwingine mmoja tu, mama mkwe wake, ameketi karibu na mlango wa jikoni akikunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Alikuwa amehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa dereva wa lori. Alikuwa mshonaji maisha yake yote, mwanamke wa maneno machache, na tangu ahamie hapo alikuwa na tabia iliyomsumbua mkwewe kimoyomoyo: hakuwa akiomba kitu. Akitaka kutoka, alivaa viatu na kukaa sebuleni, akasubiri mtu aelewe.

Mwalimu alilegeza koki chini ya rejeta. Maji mekundu ya kutu yakamwagika karaini kwa kishindo, mengine yakamwingia kwenye mkono wa shati. Mama mkwe aliinua shingo, akauliza kama gari limeumia.

"Halijaumia, mama. Linaoshwa tumbo tu."

Bi mkubwa akacheka kidogo, na hilo halikuwa jambo la kila siku. Akasogeza kiti.

Yale maji machafu Mwalimu aliyamimina kwenye dumu na kulifunga barabara, huku akimweleza mama mkwe kwamba ile kulanti iliyomo ina utamu, na paka au mtoto akiilamba ni sumu, kwa hiyo angeipeleka gereji wanakokusanya oili chafu. Kisha akafunga koki na kujaza maji safi. Sasa ilibidi injini iwashwe na hita, ile inayopuliza joto ndani ya gari, ifunguliwe mpaka mwisho, ili maji yapite kila mahali na kukokota uchafu wote, na mtu awepo ndani wa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Alikuwa amepanga kumwita jirani. Lakini jirani hakuwepo, na mama mkwe alikuwepo.

Akamwomba. Bi mkubwa alitazama mlango wa dereva uliokuwa wazi, akakung'uta gauni lake kana kwamba anaingia nyumba ya watu, akaketi. Mwalimu akahakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa juu, akamwonyesha kanyagio la kulia.

Mwalimu alitegemea kusikia injini ikinguruma na kukoroma, kama inavyokuwa kwa wanafunzi wote siku ya kwanza, lakini alisikia mlio mmoja, laini, usiopanda wala kushuka. Mguu ule ulikuwa umekanyaga cherehani miaka na miaka, ulijua kusukuma bila pupa. Jua lilikuwa limeshapanda na hita ilikuwa inampulizia uso hewa ya tanuri, lakini mama mkwe hakulalamika. Alijifuta jasho kwa ncha ya kitambaa, akaendelea.

Walimwaga, wakajaza tena, wakamwaga, kila mara wakiacha injini ipoe kwanza. Katika kungoja huko mama mkwe hakushuka garini. Maji yalipotoka meupe kama ya kunywa, Mwalimu alikaza koki, akabadilisha kibano kimoja kilichooza kwenye mpira wa juu wa kupitishia maji, akamimina kulanti mpya ya kijani iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Injini ikawashwa tena, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache yakatoka, kisha maji yakatulia mdomoni mwa rejeta. Mwalimu akaona kazi imekwisha, akanyoosha mkono kuchukua mfuniko.

"Mbona huku ndani sasa kuna baridi?" mama mkwe akauliza. "Mwanzo ilikuwa inaniunguza. Na huu mshale unapanda."

Mwalimu alizima injini pale pale. Alielewa mara moja: hewa ilikuwa imenaswa kwenye mabomba, maji hayafiki kwenye hita, na injini ilikuwa inaanza kuungua huku rejeta ikionekana imejaa. Dakika chache zaidi, na angekuwa anazungumzia kununua injini. Hakubabaika. Alingoja ipoe, akainua pua ya gari kwa jeki, akatia mawe nyuma ya magurudumu, akaongeza maji, kisha akamwomba mama mkwe awashe mwenyewe. Bi mkubwa akazungusha ufunguo. Mwalimu akawa anaukamua mpira wa juu kwa mkono uliovikwa kitambaa, na mapovu makubwa yakaanza kupasuka mdomoni mwa rejeta, moja baada ya jingine, maji yakashuka, akaongeza.

"Joto limerudi," sauti ikatoka ndani. "Mshale umekaa katikati."

Mfuniko ukafungwa. Mwalimu akaenda kuegemea dirisha la dereva, mikono yote ya kijani, akamwambia mama mkwe kwamba ameiokoa injini na kwamba ana mguu mzuri kuliko wanafunzi wake wote. Mama mkwe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Marehemu alikuwa akiliosha lori mlangoni kwetu kila Jumapili," alisema. "Hakuwahi kuniambia nikae hapa, hata likiwa limezimwa."

"Na wewe hukumwomba?"

"Niliona atashangaa." Akageuka, akamtazama mkwewe usoni. "Wewe nakuomba. Nifundishe."

Jioni hiyo hiyo walikwenda kwenye uwanja wa shule, na somo la kwanza lilikuwa kioo. Mume alipopewa habari aliweka kijiko chini, akamwangalia mama yake, akamwangalia mkewe, akauliza kama bima inajua. Mama mkwe alishindwa mtihani mara ya kwanza kwa sababu ya mwendo wa pole mno, na mkaguzi alimwambia hivyo kwa heshima zote. Alirudi nyumbani amenuna, si kwa huzuni bali kwa hasira, na asubuhi akawa wa kwanza kufika kwenye gari.

Mara ya pili alipita. Siku iliyofuata mwanawe alitoka zamu ya usiku akamkuta mama yake amemsubiri nje ya lango la hospitali, injini imezimwa, mkanda umefungwa. Alisita kidogo, akaingia. Kabla hawajafika kwenye mzunguko wa barabara, alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kioo, na mama yake akapunguza mwendo ili asimwamshe.