Futa Watoto, Mama Usimguse

Kabla hajawa mhariri wa video, Mkasi alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo ukimsikiliza akiwa kazini huwezi kujua kama anakata filamu au gauni. Kipande kikiwa kirefu mno, atasema kinaburuza pindo. Picha mbili zikikutana vibaya, atasema mshono umeonekana. Kelele za watu nyuma ya bibi harusi ni nyuzi zinazoning'inia, na dawa ya nyuzi za namna hiyo anaijua moja tu: kuzikata zote na kupitisha muziki juu yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimbandika jina la Mkasi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye sala za mama yake.

Kompyuta yake iko sebuleni, kwenye meza ileile iliyokuwa na cherehani, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Ni kompyuta ya nyumbani, ya kuandikia barua, iliyolazimishwa kufanya kazi za watu wazima. Nyuma yake Mkasi ameiwekea feni, kwa sababu ikipata moto huunguruma kama mashine ya kusaga, halafu hugoma. Kwa video za zamani ilijikongoja ikafika. Shida ilianza pale mdogo wake, ambaye ni mpiga picha, alipoingia siku moja na kamera mpya ya HD imemning'inia shingoni kama mtoto wa kwanza.

"Dada, hii inaona mpaka mawazo," alijisifu.

"Basi usijipige nayo wewe. Itarudi tupu."

Video za kamera hiyo zilikuwa safi ajabu, ungeweza kuhesabu kope za mtu, lakini zilikuwa nzito. Mkasi akizifungua, sauti ilikwenda mbele peke yake huku picha imeganda, na mara nyingi kioo kilikuwa cheusi tu. Hakukubali kushindwa. Alijifunza kutengeneza nakala ndogo ya kila video, nyepesi, yenye picha hafifu, akawa anakata na kuunga kwenye nakala hizo. Kazi ikiisha, kompyuta yenyewe huichukua ile mikato na kuishona upya kwenye video halisi. Ni kama fundi anayekata karatasi kwanza, kitambaa baadaye. Video halisi aliziweka kwenye folda aliyoiita Mama. Zile nakala ndogo, folda yake aliiita Watoto. Kila kazi ilikuwa na Mama na Watoto wake, na kazi ikikamilika watoto walifutwa ili nafasi ipatikane.

Mtu wa kwanza kupigwa na kamera ile alikuwa mama yao mzazi. Mdogo mtu alitaka kuijaribu, akamfuata uani alikokuwa anachambua maharage, akakaa naye mchana kutwa.

"Kijana, toa hilo dude usoni kwangu," Mama alimwambia. "Linatafuta nini, meno? Yaliyobaki nayajua mwenyewe."

Miezi michache baadaye Mungu akamwita. Hakuugua sana, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini nyumba ya Baba ilinyamaza. Mzee alikuwa anakula akiletewa, anasali, anakaa kwenye kiti chake, basi. Siku moja, Mkasi akiwa anamkunjia nguo, Baba akauliza, "Ile video ya mama yenu mliiweka wapi? Nataka nimwone tena."

Wakakubaliana kuwa Jumapili, baada ya ibada, watoto wote wakutane kwa Baba, wasali pamoja, kisha wamwonyeshe. Mkasi aliichukua kazi hiyo kama hajawahi kushika nyingine. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari hakuahidi kitu. Kama alikuwa na nafasi ya kuuona uso wa mkewe vizuri, nafasi ilikuwa hii, na picha ilipaswa kuwa safi kuliko zote alizowahi kushona. "Ukungu juu ya ukungu ataona nini?" alimwambia mdogo wake.

Jumamosi asubuhi alimaliza kukata. Akabonyeza kitufe cha kushona filamu nzima, kompyuta ikamjibu kwamba nafasi haitoshi. Akamwachia mdogo wake kiti ili atengeneze nafasi, akaenda kumchukulia Baba dawa ya macho. Akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, simu ikaita.

"Dada, nifute nini hapa?"

"Futa watoto!" Mkasi alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi. "Watoto wote! Mama usimguse!"

Mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamwangalia juu mpaka chini, akamvuta mwanawe karibu na sketi yake.

"Ni video, mama, video," Mkasi alimweleza. Yule mama alitikisa kichwa polepole na hakuuachia mkono wa mtoto.

Aliporudi nyumbani alimkuta mdogo wake anakunywa chai, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi ya kanisa. Mkasi akakaa, akafungua folda ya Mama. Ilikuwa tupu.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta zile zilizokufa."

"Zipi zilizokufa?"

"Zile nyeusi, dada. Nilifungua Watoto nizifute, nikamwona Mama. Anacheka, anachambua maharage yake. Ningemfutaje? Nikafungua hiyo nyingine, kioo cheusi tu, kitu hakisogei. Nikajua umechanganya maneno kwa sababu ya haraka."

Mkasi akatafuta kwingine. Pipa la takataka la kompyuta halikuwa na kitu, maana video nzito vile hazipitii pipani, zinakwenda moja kwa moja. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imeshatumika kwenye harusi mbili. Mdogo mtu aliposikia maana halisi ya Mama na Watoto, aliweka kikombe chini. Akaanza kulia, mwanamume mzima mwenye ndevu, na Mkasi, aliyekuwa na maneno makali tayari mdomoni, akayameza. Angemgombeza vipi mtu aliyeshindwa kumfuta mama yake?

Akaingia jikoni, akawasha jiko, akasimama akiitazama sufuria. "Mungu wangu," alisema, "sasa nitamwambia nini Baba?" Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake, fupi na bila mpangilio.

Sebuleni mdogo wake alikuwa anafungua zile nakala ndogo moja moja, kuona kama kuna lolote la kuokoa. Mara sauti ikapaa, nene, yenye amri:

"We mwanangu! Umefunika hiyo sufuria, au unawapikia nzi?"

"Nimefunika, Mama!" Mkasi akaitikia, na mkono wake ulikuwa umeshashika kifuniko.

Mdogo wake akachungulia mlangoni. Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa Mkasi, tumboni, kikapanda, na kabla hakijaisha wote wawili walikuwa wamekaa sakafuni jikoni wanajifuta machozi kwa taulo la vyombo.

"Umeitikia!"

"Na wewe ulikaa wima, nimekiona kivuli chako!"

Mkasi aliinuka kwanza. Picha ilikuwa ya mtoto, lakini sauti ilikuwa ya mama mwenyewe, nzima, haijapungua hata punje. Na yeye alikuwa ameikata. Kwenye filamu aliyoimaliza asubuhi alikuwa amemtoa Mama maneno yote, akaweka kinanda juu yake, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya kwa nyuzi zinazoning'inia.

Akaifumua kazi nzima. Kinanda akakitoa. Akamrudisha Mama akigombana na kamera, akiimba pambio na kusahau ubeti wa pili, akiwasema kuku wa jirani. Karibu na mwisho palikuwa na mahali Mama anageukia mlango na kumwita mumewe aje naye apigwe picha. Baba siku hiyo alikuwa ndani, hakujibu. Unafuata ukimya mrefu, Mama anautazama mlango, kisha anasema neno lake na kurudi kwenye maharage. Ukimya huo Mkasi alikuwa ameukata wa kwanza kabisa, kitambaa cha bure. Sasa akauweka. Mdogo wake akauliza wa nini.

"Fundi mzuri huacha akiba ndani ya mshono," Mkasi alisema. "Wewe kunywa chai yako."

Jumapili wakajaa sebuleni kwa Baba, watoto, wakwe na wajukuu. Mzee akaongoza sala mwenyewe, fupi, akamtaja mkewe kwa jina, akasema amina. Kisha kiti chake kikasogezwa mbele ya televisheni. Mkasi akasimama pembeni, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Baba, utusamehe. Picha imeharibika. Ina ukungu."

Baba alisogeza shingo, akakaza macho kwenye kioo, ambapo mkewe alikuwa ameshaanza kuchambua maharage, hafifu, kingo zake zimeyeyuka.

"Ukungu upi?" aliuliza. "Mimi ndivyo ninavyowaona nyote." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo leo na ninyi mnaona hivi? Karibuni. Ndipo mjue kwa nini chumvi naimimina mezani."

Watu wakapasuka. Mama akasema lake la meno, wakapasuka tena, na Baba akacheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Kwenye pambio alipiga goti lake kwa kiganja, na ubeti wa pili mkewe aliposahau, yeye akausukuma mbele kwa sauti yake ya besi hadi Mama akaupata.

Kisha Mama akageukia mlango.

"Mzee! Mbona umejificha? Njoo na wewe upigwe!"

Ukimya ukaingia, ule mrefu. Mkasi alishika mgongo wa kiti. Kuku wa jirani walisikika kwa mbali. Baba alifungua mdomo, akasita, akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kiti.

"Naja, mama. Naja," akasema hatimaye, lakini alikuwa amechelewa. Mama alishakata tamaa kwenye kioo.

"Haya, baki huko na uzuri wako!"

Sebule nzima ilipiga kelele. Wengine walikuwa wanalia, lakini ungewauliza wangesema wanacheka, na wasingekuwa waongo. Baba alijifuta macho kwa kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni. Halafu akavaa viatu vyote viwili, akakaa wima, akamwashiria Mkasi kwa kidole.

"Rudisha pale anaponiita," alisema. "Safari hii nitawahi."