Sifuri ya Mwalimu Remi

Watu tisa tuliingia Mto Nan, huku kwetu kaskazini mwa Thailand, asubuhi ile tukiwa na nguo nyeupe, na hakuna aliyelowa kupita magoti. Nasema mapema kwamba wazo lilikuwa langu, maana jirani yangu Mzee Khamai akisimulia huniweka mwishoni, kana kwamba nilifuata mkumbo tu.

Mimi ni Buapan, nauza tambi za supu karibu na soko. Chumba cha juu ya duka langu alikipanga Mwalimu Remi, mwanamke mfupi wa Kifilipino mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kanisa lake dogo la huko kwao Iloilo lilimtuma aje kutufundisha Kiingereza na kututangazia Yesu. Kiingereza tulikipokea. Kila siku wateja wa mchana wakiisha tulisogeza meza, yeye akafumba macho na kuomba dua fupi, sisi tukamsubiri kwa adabu, kisha somo likaanza. Akitusimulia habari za Yesu tulisikiliza vizuri, tukauliza maswali, tukashukuru. Alfajiri ya kesho yake tulipiga magoti kando ya barabara kama kawaida, tukawawekea watawa wetu wa Kibudha wali bakulini. Mvua ikinyesha, yeye ndiye aliyenishikia mwavuli. Magoti hakupiga, lakini mwavuli hakuwahi kuuvutia upande wake, na mara nyingi alirudi ndani amelowa chapachapa.

Nilianza kusoma kwake nikiwa na miaka hamsini. Shule niliishia la nne, na mwalimu wetu wa zamani alikuwa akinigonga kichwani kwa rula mpaka nikaamini kweli sina akili. Mwalimu Remi alinifundisha sentensi moja kwa siku nikiwa nakata vitunguu. Leo nabishana na wageni kutoka nchi za mbali mpaka wanaomba radhi. Hilo sitalisahau hadi naingia kaburini.

Basi miaka sita ikapita, na Mkristo hakumpata hata mmoja.

Wiki mbili kabla ya Songkran, sikukuu yetu ya mwaka mpya ya kumwagiana maji, nikamwona anaiacha supu inapoa.

"Mwalimu, supu imekukosea nini?"

"Supu haina neno, Dada Buapan. Ni barua." Kanisa lilikuwa linauliza amebatiza wangapi. Pasaka ikipita bila mtu hata mmoja, arudi nyumbani. "Tafadhali, usimwambie mtu."

Nikaapa. Kufika mchana soko zima lilikuwa linajua.

"Kwani kubatizwa ndiyo nini hasa?" aliuliza Mzee Khamai, mstaafu wa posta anayechoma soseji mlango wa pili.

"Unazamishwa majini, unainuliwa."

"Basi? Songkran watu wananimwagia ndoo nzima hata salamu hawanipi!"

"Wewe usiyeoga mpaka mkeo apige kelele," nikamwambia, "hii itakufaa mara mbili."

Tukakubaliana wanafunzi wote tisa. Kumsaidia mwalimu ni tendo jema, na tendo jema halimpunguzii mtu kitu. Ila hatukutaka kufanya mambo kienyeji, kwa hiyo tulikwenda kwanza hekaluni kuomba ruhusa. Mtawa mkuu alicheka mpaka akafuta macho.

"Maji hayamdhuru mtu," alisema. "Lakini mwalimu mwenyewe mmemuuliza?"

Tukasema ndiyo. Hatukuwa tumemuuliza.

Jumamosi tukashuka mtoni. Nguo nyeupe zilikuwa zile zile tunazovaa siku za ibada hekaluni, hatukuwa na nyingine. Nilikuwa nimemwambia Mwalimu aje, kuna jambo. Alipotuona tumejipanga majini aliweka mkono kifuani, machozi yakamtoka palepale. Nikajisemea, Buapan, leo umefanya la maana. Akavua viatu, akaingia, akamshika Mzee Khamai mkono.

"Mzee wangu, kwa nini unataka kubatizwa?"

"Ili usiondoke, Mwalimu."

Akamgeukia wa pili. "Na wewe?"

"Mimi kama Mzee."

Wakaitikia hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani niwazamishe wote kwa mikono yangu na nisiwainue. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima nikikoroga supu nilikariri jibu kwa Kiingereza, kwamba nimemwamini Yesu, kwamba moyo wangu umegeuka, kwamba nayataka maji haya kwa hiari yangu. Zamu yangu ilipofika nikalitoa lote bila kukwama.

Mwalimu alinishika mkono. "Kiingereza safi kabisa," akasema. "Sijawahi kukusikia ukisema hivyo bila kosa hata moja. Sasa niambie kwa lugha yako, Dada."

Nikafungua mdomo. Lugha yetu ndiyo niliyotumia kumuaga mama yangu akiwa kitandani, siku ya mwisho, na ndiyo niliyombembelezea mwanangu. Uongo ule haukutaka kupita. Nikatazama maji yanavyonizunguka miguu, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Hakunigombeza. "Hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kama hii," alituambia. "Ila siwezi kuiandika kwenye barua."

Tukatoka majini. Mzee Khamai alinuna njia nzima kwa sababu soseji zake ziliungua bure.

Kesho yake Mwalimu alinionyesha alichoandika kabla ya kufunga bahasha: sifuri. Akaniomba niipeleke posta. Nilizunguka jengo lile mara tatu, barua imelowa jasho mkononi, nikiwaza mto uko karibu tu. Mwishowe nikaitumbukiza. Niliporudi nilimkuta anagawa sufuria zake, nikamkasirikia bure nikaenda kulia jikoni.

Siku ya Songkran alisema anataka kumuaga mtawa mkuu, nikamsindikiza. Tukakaa chini mbele yake barazani.

"Nasikia umewakataa watu tisa," alisema mtawa.

"Ndiyo, Baba."

"Ungeandika uongo mmoja tu, ungebaki."

"Ndiyo, Baba."

"Na hawa waliniambia wamekuuliza." Hapo nikapata kazi ya kutazama sakafu. Mtawa akaendelea: "Shule ya hekalu ina watawa wadogo sitini, na mwalimu wa Kiingereza sina. Wa mwisho alinidanganya mpaka jina lake. Wewe njoo uwafundishe."

Mwalimu akasema, "Mimi ni Mkristo, Baba. Sitaacha kuwa Mkristo. Nitawaombea kila siku kabla ya somo."

"Waombee sana. Hesabu nayo hawajui."

Kanisa la Iloilo lilimwandikia barua ya upole, likamwombea baraka na kulitoa jina lake kwenye orodha ya wamisionari wake. Aliisoma mara mbili, akalia, akapanda juu kulala mchana. Asubuhi iliyofuata alishuka na madaftari kwapani kwenda hekaluni, akasimama mbele ya sufuria yangu.

"Umelalaje, Dada Buapan?"

Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia, kwa lugha yetu, kwamba bado nina deni la jibu. Kwamba sikutaka Yesu wala sikumkataa, sikuwa nimemfikiria kabisa. Nilitaka yeye abaki, kwa sababu tangu mwanangu ahamie Bangkok, hakuna mtu mwingine duniani anayeshuka ngazi zile asubuhi na kuniuliza nimelalaje.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Sasa niambie kwa Kiingereza," alisema.

Nikasema. Nilikwama kila baada ya neno, nikarudi nyuma, nikachanganya vitenzi vya jana na vya kesho, makosa matupu mwanzo hadi mwisho. Hakusahihisha hata moja.