Mchonga Watakatifu na Mipini Anayoifunika kwa Kitambaa

Asubuhi hii Leocadia Villaluenga amejifungia karakanani, katika uchochoro mmoja wa mji wa Toledo, ingawa joto ni la kuchoma. Ukigonga, kwanza anatupa kitambaa juu ya kazi yake, ndipo anafungua.

Kilichofunikwa ni mpini wa jambia. Wapo watu wanaokusanya majambia yaliyotengenezwa kwa kuiga yale ya zamani za wapiganaji wa farasi, na hakuna wanalolililia kama hili: mabonge mawili chini, mpini umesimama katikati. Wapiganaji wale walilining'iniza mbele, chini ya mkanda, bila soni. Madukani huitwa jambia la figo, jina la adabu tu, maana hilo ni umbo la siri za mwanamume.

"Baba alinifundisha kuchonga mikono ya Bikira Maria," anasema Leocadia, macho chini. "Patasi ni hizihizi. Naona haya hata kuzisafisha."

Parokia zimeacha kuagiza. Mpini mmoja humpa euro kumi na nne, ndizo zinazomlisha yeye na mama yake, Sagrario, mwenye miaka themanini na mmoja. Mama amewaambia wanawake wote wa kanisani kwamba binti yake bado anachonga watakatifu. Leocadia ndiye aliyemwambia hivyo. Sasa anamsihi mwandishi wa habari hii naye aandike kwamba anachonga watakatifu, kwani mama husoma gazeti hili hadi matangazo ya vifo.

Kabla hajajibiwa, Sagrario anaingia na chakula. Anakiinua kitambaa apate pa kuweka sahani. Leocadia anaiva uso mpaka masikioni.

"Ni figo, mama."

"Figo nazipika mwenyewe, mwanangu. Hii si figo."

Anavuta kigoda, anakaa. Anasema amejua siku nyingi, tangu alipokuja kufagia binti akiwa sokoni.

"Nilishindwa kuwaambia wale wanawake, nikakuacha ujifiche peke yako," anasema. "Mimi ndiye wa kuona haya." Kisha anamgeukia mwandishi. "Andika ilivyo, kijana. Na jina langu uliweke."

Leocadia analia kidogo, anajifuta kwa aproni. Tangu aanze kuchonga mipini hii, miaka tisa sasa, hajakanyaga misa, alikuwa akimsindikiza mama hadi kwenye ngazi za kanisa tu. Akiulizwa mpango wake, anasema Jumapili hii ataingia.

"Tutakaa kiti cha mbele?" mama anauliza.

"Cha nyuma, mama. Kwa sasa tukae cha nyuma."